Safari ya Kuzitafuta Baa za Hesket Newmarket

Jumatatu, Carlisle

Hesket Newmarket ni kijiji kidogo cha kaunti ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, chini ya vilima vya mwisho vya Wilaya ya Maziwa (Lake District). Nimekuja kukitazama kwa sababu ya baa zake: moja iliyokufa, ambayo mwandishi Charles Dickens alipata kulala ndani yake, na moja iliyo hai, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza nchini humu kumilikiwa na chama cha ushirika. Mimi si mnywaji, na nimekwisha kuulizwa asiyekunywa anafuata nini baa. Ninachofuata ni umiliki. Watu husema baa za vijijini zinakufa kwa sababu vijana wameacha bia au kwa sababu bia ya dukani ni rahisi, na yote mawili yana ukweli wake. Lakini kila ninaposoma habari za baa fulani iliyofungwa, nakuta nyuma yake hati ya nyumba, mkataba wa upangaji au kifungu cha sheria, na nakuta kwamba aliyeamua ifungwe si mtu aliyekuwa akinywa pale.

Nimeanzia Carlisle, mji ulio karibu na mpaka wa Uskoti, kwa kuwa hapa lilifanyika jambo ambalo wengi hawalitarajii katika nchi hii: serikali ilitaifisha baa. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kulianza kujengwa karibu na Gretna kiwanda kikubwa mno cha kodaiti, yaani baruti ya kurushia makombora. Vibarua walimiminika kwa maelfu, mishahara ilikuwa minono, burudani haikuwapo, na jioni walipanda treni kuja Carlisle kunywa. Waziri David Lloyd George alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Uingereza inapigana na Wajerumani, Waaustria na pombe, na kwamba adui mkubwa kuliko wote ni huyo wa tatu. Mwaka huohuo ikaundwa bodi ya kudhibiti biashara ya pombe, na mwaka 1916 bodi hiyo ikaanza kuvinunua viwanda vya bia na baa za Carlisle, Gretna na maeneo ya jirani.

Bodi ilifunga baa nyingi, hasa zile za vichochoroni ambazo polisi hawakuweza kuzitazama. Zilizobaki ziliwekewa mameneja wa kulipwa mshahara, ambao hawakupata senti moja zaidi kwa kuuza bia nyingi, ila walipewa kamisheni kwa chakula walichouza. Matangazo ya pombe yaliondolewa madirishani. Ikawa hata marufuku kumnunulia mwenzako kinywaji, kwa hoja kwamba watu wanne wakikaa pamoja na kila mmoja akaona aibu kutonunua, basi kila mmoja atakunywa vinne hata kama alikuja na kiu ya kimoja. Nasema kwa haki kwamba hoja hiyo inaeleweka popote duniani.

Mpango huu wa wakati wa vita ulidumu hadi miaka ya 1970, baada ya Bunge kupitisha sheria ya kuufuta mwaka 1971. Katika muda wote huo kiwanda kilikuwa cha serikali, mapipa yalikuwa ya serikali, na aliyekumiminia bia alikuwa mtumishi wa umma. Mchana nilikwenda kuiona Cumberland Inn katika barabara ya Botchergate, moja ya baa zilizosanifiwa na Harry Redfern, msanifu mkuu wa mpango huo, ambaye katika miaka ya 1920 na 1930 alijenga upya baa kadhaa za mji kwa mawe na mbao nzuri, kwa imani kwamba mtu aliyekaa mahali penye mwanga, viti na chakula hunywa kwa adabu. Niliagiza kahawa, nikaketi chini ya mbao za ukutani ambazo hakuna mfanyabiashara wa leo angekubali kuzilipia. Wanaodai kwamba serikali haiwezi kuendesha biashara ya namna hii wangefaa kupelekwa pale kwanza, kisha waendelee na hoja yao.

Jumanne, kutoka Dalston hadi Caldbeck

Kutoka Carlisle kwenda kusini kuna njia ya waendao kwa miguu iitwayo Cumbria Way, inayofuata mto Caldew. Sehemu ya kwanza hupita karibu na Cummersdale, kijiji cha kiwanda cha nguo, ambapo Redfern aliacha baa nyingine, Spinners Arms, yenye jina la wasokota nyuzi. Mimi nilipanda treni hadi Dalston ili kuokoa miguu, kisha nikatembea kupita Rose Castle, iliyokuwa kwa karne nyingi makao ya maaskofu wa Carlisle, na kupanda polepole kuelekea Caldbeck.

Mtu akishajifunza alama, huanza kuona baa zilizokufa kila mahali. Ya kwanza ni jina: nyumba ikiitwa kwa jina la mnyama, la taji au la kichwa cha mfalme na neno la kusema kuwa ni ya zamani, hiyo ilikuwa na leseni. Ya pili ni chuma kilichochomoza juu ya mlango bila kubeba kitu, pale kilipokuwa kikining'inia kibao. Ya tatu, ambayo wenye nyumba wapya husahau kuiondoa, ni mlango wa mbao uliolala chini, usawa wa barabara, ambapo mapipa yaliteremshwa kwa kamba kwenda ghala la chini. Pale ambapo njia pana hupita mbele ya nyumba na kuna uwanja wa kutosha kugeuzia mkokoteni, unaweza kukisia hata bila alama hizo. Leo nilizihesabu kwa macho tu, bila kubisha hodi, maana wenye nyumba hawana deni la kumweleza kila mpita njia historia ya ukumbi wao.

Caldbeck ni kijiji cha maji. Mto wake uliendesha vinu vya nafaka, vya sufu na vya kuchongea vigurudumu vya uzi, na milima ya nyuma ilitoa madini ya risasi na shaba. Magofu ya kinu cha vigurudumu yangali katika korongo liitwalo Howk, yamejaa ukoka. Kinu kilihitaji watu, watu walihitaji mahali pa kukaa baada ya kazi, na vinu vilipokufa kimoja kimoja baa zilifuata mkondo huo. Iliyobaki ni Oddfellows Arms, na jina lake lina habari ndani yake. Oddfellows kilikuwa, na kingali, chama cha kusaidiana: wanachama walichanga kiasi kidogo kila wiki, na aliyeugua au kufiwa alilipwa kutoka mfuko huo, miongo mingi kabla serikali haijaanzisha bima yoyote. Vyama vya namna hii vilikutana baa kwa kuwa kijijini hapakuwa na chumba kingine kikubwa cha kukodi, na mara nyingi kodi ya chumba ililipwa kwa ahadi kwamba wanachama watakunywa. Kwa hiyo fedha za mazishi za fundi wa kinu zilihesabiwa juu ya meza iliyolowa bia, na nadhani huo ni ushahidi mzuri kuliko hotuba yoyote kwamba baa haikuwa mahali pa kunywea tu.

Kabla jua halijazama nilikwenda makaburini, katika kanisa la Mtakatifu Kentigern. Watalii wengi huja kuliona kaburi la mwindaji John Peel, aliyefariki 1854, lenye pembe za kuwindia zilizochongwa juu yake. Mimi nilitafuta kaburi la Mary Robinson. Alikuwa binti wa mwenye baa ya Fish Inn huko Buttermere, na alipokuwa kijana mwandishi mmoja msafiri aliusifu uzuri wake katika kitabu cha mwaka 1792, basi wageni wakaanza kuja Fish Inn kumwangalia msichana akihudumia. Mwaka 1802 alikuja mtu aliyejiita kanali na ndugu wa lodi, akamwoa. Kumbe alikuwa John Hatfield, tapeli mwenye mke mwingine aliye hai, na mwaka uliofuata alinyongwa Carlisle, si kwa kumdanganya Mary bali kwa kughushi saini kwenye barua. Mary aliolewa baadaye na mkulima wa Caldbeck, akaishi hapa hadi alipofariki mwaka 1837. Jengo la Fish Inn huko Buttermere limeendelea kupokea wageni. Sikuweza kuacha kufikiri kwamba huyu pia alilipa gharama ya kuishi katika nyumba ambayo mlango wake sheria na desturi ziliutaka uwe wazi kwa kila mgeni.

Jumatano, Hesket Newmarket

Kutoka Caldbeck hadi Hesket Newmarket ni mwendo mfupi kuelekea mashariki. Kijiji chote kimepangwa pande mbili za uwanja mrefu wa nyasi, na katikati ya nyasi kimesimama kibanda kidogo cha soko, paa juu ya nguzo, kilichobaki kutoka karne ya 18. Kibanda hicho ndicho ufunguo wa habari nzima. Jina la kijiji limebeba soko lililokuwa jipya wakati huo (Newmarket ni soko jipya), na soko la mifugo lilileta wachuuzi na watu walioswaga ng'ombe kwa miguu siku nyingi, ambao walihitaji malisho, kitanda, na mahali pa kufungia biashara kwa kupeana mikono na kinywaji. Kijiji cha ukubwa huu kisingeweza kulisha nyumba kadhaa za wageni kwa wakazi wake pekee. Soko ndilo lililozilisha. Soko lilikufa katika karne ya 19, na nyumba za wageni zikabaki na majirani peke yao.

Moja ya hizo ilikuwa Queen's Head. Mwezi Septemba 1857 Charles Dickens na rafiki yake Wilkie Collins, wakiwa wametoka London kutafuta cha kuandika, walifikia hapo. Walimchukua mwenye nyumba awe kiongozi wao, wakapanda kilima cha Carrock Fell katika mvua na ukungu, dira yao ikavunjika, na wakati wa kushuka Collins akateguka kifundo cha mguu kwenye mawe ya kijito, akabebwa. Walirudi nyumba ya wageni, kisha wakaenda Wigton na baadaye pwani ya Allonby. Queen's Head leo ni nyumba ya kuishi watu, nayo inaitwa Dickens House. Nilisimama mbele yake kwa muda ambao adabu inaruhusu. Ukuta ni imara, madirisha yamepakwa rangi, bustani inatunzwa. Kama jengo, halijafa hata kidogo. Kilichokufa ni haki ya mtu kama mimi kuusukuma mlango ule na kuingia.

Haki hiyo katika Uingereza imekuwa ikitolewa na kunyang'anywa kwa sheria, na inafaa kuzitaja chache kwa sababu kila moja imeacha alama juu ya vijiji kama hiki. Mwaka 1830 Bunge, chini ya serikali ya Duke of Wellington, lilitaka kuwaondoa watu kwenye pombe kali iitwayo jini na kuvunja nguvu ya wenye viwanda vikubwa, hivyo likaruhusu mlipa kodi yeyote kuuza bia nyumbani kwake kwa leseni ya gini mbili, yaani pauni mbili na ushei, bila kuomba ruhusa ya mahakimu. Ndani ya miezi michache zilifunguliwa nyumba za bia zaidi ya 20,000. Fundi viatu aliuza bia sebuleni, mjane aliuza bia jikoni. Mwaka 1869 mamlaka yalirudishwa kwa mahakimu, na wengi wa hao wadogo hawakudumu. Mwaka 1904 ikaja sheria nyingine, yenye ujanja ndani yake: mahakimu waliweza kuifunga baa kwa sababu tu eneo lina baa nyingi kupita kiasi, na mwenye baa alilipwa fidia kutoka mfuko uliochangiwa na baa zilizobaki. Kwa maneno mengine, walio hai waligharimia mazishi ya wenzao. Maelfu ya nyumba zilifungwa kwa njia hiyo kabla ya vita vya 1914.

Nilipofika Old Crown, baa iliyobaki, ilikuwa alasiri na mlango ulikuwa umefungwa hadi jioni, kama ilivyo kawaida katika baa nyingi za vijijini siku za kazi. Kufunga alasiri pia kulianza kama amri ya vita, ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha warudi kazini wakiwa na akili zao, na sheria ya kuvilazimisha vileo vilale mchana haikuondolewa Uingereza hadi mwaka 1988. Siku hizi hakuna anayewalazimisha wenye baa; hesabu za mishahara ndizo zinazofunga mlango.

Nilitaka kupanda Carrock Fell kabla ya usiku, lakini ukungu ulikuwa umekishika kilima hadi kiunoni na sikuona sababu ya kumfuata Collins hadi huko.

Alhamisi, Hesket Newmarket

Siku ya leo nimeitenga kwa Old Crown, na ndiyo siku niliyoisafiria.

Ndani ni vyumba vidogo, moto wa makaa, kaunta fupi, na mipini ya pampu iliyosimama kwa safu. Majina kwenye mipini ni ya milima inayoonekana ukitoka nje au ukitembea siku moja: Skiddaw, Blencathra, Haystacks. Mmoja una jina la Doris, bibi ambaye bia ilipikwa kusherehekea alipotimiza miaka 90. Bia hiyo haisafiri mbali. Mwaka 1988 mwenye baa wa wakati huo alianza kupika bia katika banda la nyuma, na kiwanda kilibaki hapohapo.

Inabidi nieleze bia ya namna hii inavyofanya kazi, kwa kuwa ndani ya pipa lake kuna sababu moja kubwa ya vifo vya baa. Bia ya chupa au ya mtungi wa gesi imekwisha kuchujwa na inaweza kungoja. Bia ya pipa la asili inafika ikiwa na hamira hai, inaendelea kuchachuka katika ghala la chini, inahitaji kulazwa bila kutikiswa mpaka machicha yatulie, na ghala liwe na baridi ya nyuzi 11 hadi 13 hivi. Pipa likishatobolewa hewa inaingia kila pampu inapovutwa, na ladha hudumu siku tatu, nne kwa bahati. Pipa dogo la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72. Basi baa yenye wateja kumi kwa usiku inamwaga bia kwenye mfereji, au inauza bia iliyochacha na kupoteza hata hao kumi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kuiacha bia hiyo kwa sababu ya usumbufu huu, na chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA kilianzishwa mwaka 1971 ili kuitetea. Kilifanikiwa kuliko vyama vingi vya walaji ninavyovijua. Lakini kuitetea bia hakukutosha kulinda mlango wa baa.

Mwaka 1999 mwanzilishi wa kiwanda alitaka kupumzika. Wanakijiji na marafiki zao walihofu kwamba mnunuzi atachukua majina ya bia na kuyahamishia kwenye kiwanda cha mjini, wakaunda ushirika, wakakinunua. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya baa yenyewe: wenye nyumba walitaka kustaafu, na mnunuzi aliyetarajiwa angekuwa kampuni kubwa ya baa. Mwaka 2003 watu zaidi ya 100 walitoa pauni 1,500 kila mmoja, wakainunua Old Crown. Miongoni mwa wanahisa alikuwamo mpanda milima Chris Bonington, aliyeongoza msafara wa 1975 uliopanda uso wa kusini-magharibi wa Everest, na ambaye aliishi miaka mingi katika vilima hivi. Mwaka uliofuata Prince Charles, wakati huo mrithi wa ufalme, alikuja kuitazama.

Jioni niliketi karibu na mzee mmoja mfugaji wa kondoo aliyekubali kunieleza mambo yanavyokwenda, ingawa alishangaa kidogo kwamba yanamhusu mtu wa mbali. Ushirika unamiliki jengo lakini hauendeshi kaunta. Huipangisha kwa mtu mwenye kuijua kazi, naye hubaki na faida na hasara zake. Nilimwuliza kama wanahisa hawamsumbui mpangaji kwa kutoa amri kila mmoja, akacheka na kusema kwamba kila mtu ana maoni juu ya chipsi. Kuhusu gawio hakuwa na mengi. Alisema alinunua mlango, hakununua faida, na akarudi kwenye glasi yake.

Msomaji wa Tanzania atalitambua jambo hili upesi. Kanuni ya mwanachama mmoja kura moja, iliyotangazwa na wafumaji wa mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, ndiyo ileile iliyofika kwa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda ushirika wao wa KNCU mwaka 1933, na mzee huyu na mkulima wa Machame wangeelewana juu ya mkutano mkuu wa mwaka bila mkalimani mkubwa. Tofauti ni kwamba mkulima wa kahawa alijiunga ili auze kwa bei nzuri zaidi, na huyu alijiunga ili kitu fulani kisiuzwe.

Na kwa nini kampuni kubwa iliogopwa? Kwa karne nzima viwanda vya bia vilimiliki baa na kumtaka mpangaji anunue bia kwao tu. Mwaka 1989 serikali, ikiona ukiritimba, iliamuru kiwanda chenye baa zaidi ya 2,000 kiziache huru nusu ya zile zinazozidi idadi hiyo. Nia ilikuwa njema. Viwanda viliuza, lakini walionunua hawakuwa wapangaji. Walikuwa makampuni mapya yasiyopika bia yoyote, yaliyokopa fedha nyingi kwa dhamana ya majengo, yakaendelea kumfunga mpangaji kwa bei ya bia na juu yake kodi ya nyumba. Kwa kampuni yenye deni, baa ya kijijini katika eneo ambalo watu wa mjini wanatafuta nyumba za mapumziko ina thamani kubwa zaidi ikiwa haina wateja. Ongeza hapo marufuku ya kuvuta sigara ndani, iliyoanza Julai 2007, na msukosuko wa uchumi wa mwaka uliofuata. Ofisi ya takwimu ya taifa ilionyesha mwaka 2018 kwamba kati ya 2008 na 2018 idadi ya baa katika Ufalme wa Muungano ilishuka kutoka karibu 50,000 hadi karibu 39,000, na zilizoangamia zaidi ni zile ndogo, wakati zile kubwa zenye chakula ziliongeza wafanyakazi.

Sheria zimejaribu kufidia. Tangu sheria ya 2011, wakazi wanaweza kuomba baa iorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenye nayo akitaka kuuza, kikundi cha wakazi kikijitokeza katika wiki sita mauzo husimamishwa hadi miezi sita ili watafute fedha. Tangu 2017 pia hairuhusiwi kuibomoa baa au kuigeuza duka bila kibali cha mipango. Ni vizuri, ila naona kasoro moja: miezi sita humpa mwanakijiji muda, haimpi pesa, na mwenye jengo halazimiki kukubali bei yake. Watu wa hapa walinunua miaka minane kabla ya kinga hiyo kuwapo, kwa sababu waliokuwa wakiuza walikuwa majirani waliokubali kungoja. Sasa baa za jamii nchini zimepita 100, na nyingi huanza kwa kuuliza Hesket Newmarket walifanyaje.

Ijumaa, Aspatria

Teksi hadi Wigton, kisha treni kuelekea pwani. Nimeshuka Aspatria kwa ajili ya mtu mmoja ambaye jina lake lilinifuata tangu juzi. Mwishoni mwa uwanja wa Hesket Newmarket ipo nyumba ya ajabu ya karne ya 17, Hesket Hall, yenye paa la umbo la piramidi na bomba la moshi katikati, iliyojengwa kwa ajili ya Sir Wilfrid Lawson. Jina hilo lilirithiwa pamoja na mali za ukoo, na Sir Wilfrid Lawson wa karne ya 19, aliyekuwa mbunge wa Carlisle kwa miaka mingi, ndiye aliyekuwa sauti kubwa kuliko zote bungeni dhidi ya pombe.

Katikati ya Aspatria kuna mnara wake wenye chemchemi ya maji, uliozinduliwa 1908, na juu yake Mtakatifu George wa shaba anamchoma joka, joka lenyewe likiwa ni ulevi. Mfano wa wazi kupita kiasi, lakini umetengenezwa vizuri.

Niliusoma tena muswada wake nikiwa nimeketi kwenye benchi la jirani. Kuanzia 1864 Lawson aliuleta bungeni mara kwa mara, akitaka walipa kodi wa kila parokia wapige kura, na theluthi mbili wakikubali, uuzaji wa pombe ukomeshwe katika parokia hiyo. Wapinzani walidai anataka kuwanyima maskini kinywaji ambacho tajiri anacho nyumbani. Yeye alijibu kwamba mahakimu, ambao wengi walikuwa watu wenye mali, hawapaswi kuwa ndio pekee wanaoamua ni nyumba ngapi za pombe zifunguliwe katika kijiji wasichokaa. Mwaka 1880 Bunge lilipitisha azimio la kukubaliana na msingi wa hoja yake. Uskoti ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1913, na kura zikapigwa kuanzia 1920. Uingereza yenyewe haikuipata kamwe, na wakazi wa Hesket Newmarket walipotaka kuamua wenyewe juu ya baa yao, iliwabidi wainunue.